Kulala Hemani Katika Milima ya Dubu: Ushauri kwa Wanaokwenda Kambini Magharibi mwa Kanada

Aliyezoea safari za Serengeti au Maasai Mara anaijua kanuni ya kwanza: hakuna kushuka garini ovyo. Dereva anajua simba wamelala wapi, askari wa hifadhi anajua lango hufungwa saa ngapi, na kambini mpishi ameshabandika maji ya chai. Katika milima ya Rocky, magharibi mwa Kanada, mgeni anatarajiwa kushuka. Huvaa buti, hubeba mkoba mgongoni na kutembea kwa miguu katika misitu ile ile wanamoishi dubu, mbwa mwitu na kulungu wakubwa waitwao elk. Hema husimika mwenyewe, chai hupika mwenyewe, na usalama wake wa usiku hutegemea namna alivyofungia chakula jioni.

Kwa hiyo safari ya kambi katika sehemu hizo hufaulu au huharibika kabla msafiri hajafika. Milima ipo, maziwa ya rangi ya feruzi yapo, na hakuna anayeyaona kwa mara ya kwanza akabaki vilevile. Lakini nafasi ya kulala, nguo za baridi, tiketi ya basi na mahali pa kuhifadhi chakula ni mambo ya kupangwa miezi mbele. Anayejipanga hupata siku za kukumbukwa maisha yake yote kwa gharama ndogo kuliko ya hoteli. Asiyejipanga hugeuzwa njiani na kibao kinachosema kambi imejaa.

Ushauri huu unawafaa watu wa aina mbili. Kuna wale ambao tayari wanaishi Calgary, Edmonton au Vancouver: Wakenya, Watanzania, Wakongo, Warundi, pamoja na familia za Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 wakapokelewa Kanada. Naheed Nenshi, aliyekuwa meya wa Calgary kuanzia 2010 hadi 2021, ni mtoto wa wazazi waliohamia huko kutoka Tanzania. Aina ya pili ni ndugu wanaokuja kuwatembelea wakati wa joto. Hao waanze na viza, kwa sababu raia wa nchi za Afrika Mashariki huhitaji viza ya kutembelea Kanada, na maombi yake yana alama za vidole na muda wa kusubiri. Asikate mtu tiketi ya ndege kwanza akaomba viza baadaye.

Pa kwenda

Magharibi mwa Kanada ni eneo kubwa mno kwa safari moja. Kutoka Vancouver hadi Banff ni takriban kilomita 850 za milima na mabonde. Mwenye wiki moja achague sehemu moja aikae vizuri, badala ya kuishi barabarani.

Sehemu ya kwanza, na inayofaa zaidi kwa anayeanza, ni hifadhi za milima ya Rocky. Banff, iliyoanzia mwaka 1885, ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza ya Kanada, nayo iko kilomita 130 hivi kutoka Calgary. Kaskazini yake ni Jasper, yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 10,000. Upande wa magharibi wa Banff ziko Yoho na Kootenay, ndogo zaidi na zenye utulivu. Hifadhi hizo nne ziliingizwa pamoja katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1984. Yoho ina maporomoko ya Takakkaw, ambayo maji yake hushuka zaidi ya mita 370, na kambi ya hema ambayo mtu huifikia kwa mwendo mfupi wa miguu akisukuma vitu vyake. Huko pia ndiko mtaalamu Charles Walcott alikogundua mwaka 1909 visukuku vya wanyama wa baharini walioishi miaka milioni 508 iliyopita. Visukuku hivyo vinatembelewa kwa kuongozwa tu, na matembezi yake ni ya siku nzima.

Sehemu ya pili ni pwani ya Pasifiki, kisiwani Vancouver. Msafiri hupanda feri kutoka Horseshoe Bay hadi Nanaimo, safari ya saa moja na dakika 40, kisha huendesha kama saa tatu kuelekea Tofino. Njiani kuna kituo cha Cathedral Grove, chenye miti ya misonobari ya Douglas ambayo mingine ina zaidi ya miaka 800. Karibu na mwisho wa barabara ni Hifadhi ya Pacific Rim, na kambi yake ya Green Point iko juu kidogo ya ufukwe mrefu wa Long Beach. Mtu wa Mombasa au Tanga asidanganywe na neno pwani: bahari hiyo ni ya baridi mwaka mzima, mawimbi yake ni makali, na eneo la Tofino hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka. Turubai la kufunika juu ya meza ya chakula ni lazima huko. Mwezi Machi na Aprili nyangumi wa kijivu hupita karibu na ufukwe wakielekea kaskazini.

Sehemu ya tatu husahaulika na wengi, nayo ni nyanda kavu za kusini mwa Alberta. Katika Dinosaur Provincial Park, mwendo wa saa mbili hivi mashariki mwa Calgary, msafiri hupiga kambi kando ya mto chini ya vilima vya udongo wenye mistari, mahali palipotoa mabaki ya aina zaidi ya 40 za dinosaria. Kuokota mfupa na kuondoka nao ni kosa kisheria. Joto la Julai huko linaweza kupita nyuzi 35, hivyo matembezi hufanywa asubuhi na jioni. Kusini zaidi, karibu na Fort Macleod, kuna Head-Smashed-In Buffalo Jump, jabali ambalo wawindaji wa asili waliwafukuzia nyati wa nyanda hizo kwa karibu miaka 6,000. Waongozaji wa makumbusho yake ni watu wa asili wa hapo, Wablackfoot wenyewe, na saa mbili za kuwasikiliza zina faida kubwa.

Kuwasikiliza wenyeji kuna sababu nyingine. Watu wa Stoney Nakoda na mataifa mengine ya asili waliwinda na kutumia chemchemi za moto za Banff muda mrefu kabla ya wafanyakazi wa reli kuzikuta mwaka 1883. Hifadhi ilipoundwa, walizuiwa kuwinda humo na kutengwa na ardhi yao. Msomaji anayejua habari za Wamaasai walioondolewa Serengeti mwaka 1959 hatahitaji maelezo marefu. Ni adabu ya mgeni kuijua historia ya mahali anapolaza kichwa.

Nafasi hazisubiri

Banff peke yake hupokea zaidi ya watu milioni 4 kwa mwaka, na wengi huja Julai na Agosti. Parks Canada, idara inayosimamia hifadhi za taifa, hufungua uwekaji wa nafasi mtandaoni kati ya Januari na Machi, kila hifadhi kwa siku yake. Kambi zinazopendwa, kama Two Jack Lakeside iliyo ukingoni mwa ziwa, hujaa mapema kabisa. Anayetaka wikendi za Julai awe amefungua akaunti siku kadhaa kabla, amechagua kambi tatu badala ya moja, na ana kadi ya benki mkononi. Mbuga za majimbo zina utaratibu wake: British Columbia huruhusu kuweka nafasi miezi minne kabla, na Alberta siku 90 kabla.

Aliyekosa asikate tamaa. Watu hufuta safari zao kila siku, hivyo kuangalia tena mtandaoni asubuhi na usiku mara nyingi huzaa matunda, hasa kwa siku za Jumapili hadi Alhamisi. Kambi nyingine hazipokei nafasi za mtandaoni. Anayefika mapema ndiye anayepata. Mojawapo ni Wilcox, iliyo kwenye barabara ya Icefields iendayo Jasper, karibu na mto wa barafu wa Athabasca. Huko ni juu na baridi, lakini mtu akitoka hemani asubuhi anakutana na barafu ng'ambo ya bonde.

Gharama zihesabiwe kwa utulivu. Eneo la kusimika hema katika hifadhi ya taifa kwa kawaida huwa chini ya dola 50 za Kanada kwa usiku, ilhali chumba cha hoteli mjini Banff wakati wa joto hupita dola 300 bila shida. Juu ya hapo kuna kiingilio cha hifadhi. Atakayekaa wiki nzima au kurudi tena mwaka huo anunue Discovery Pass, inayotumika kwa mwaka mzima katika maeneo zaidi ya 80 nchini, na ile ya familia hutosha watu hadi saba walio katika gari moja. Jambo moja huwakwaza Waswahili wanaopenda kwenda na jamaa wengi: eneo moja la kambi kwa kawaida halizidi watu sita. Familia mbili ziweke maeneo mawili yanayopakana, au zitafute kambi ya vikundi.

Asiye na hema hana haja ya kununua kila kitu mara moja. Hifadhi kadhaa hukodisha oTENTik, kibanda cha turubai chenye sakafu ya mbao na vitanda, kinacholaza watu hadi sita. Pia yapo maduka mjini Calgary na Vancouver yanayokodisha mahema na mifuko ya kulalia.

Baridi ya usiku wa Julai

Kijiji cha Lake Louise, ndani ya hifadhi ya Banff, na ziwa lake viko kwenye urefu unaokaribia ule wa Nairobi, kati ya mita 1,500 na 1,750 juu ya usawa wa bahari. Hapo mfanano unaishia. Mchana wa Julai unaweza kufika nyuzi 22 na usiku huohuo kushuka hadi nyuzi 4 au chini yake, na theluji ya siku moja hata mwezi Agosti si jambo geni. Mfuko wa kulalia uwe umeandikiwa nyuzi 0 au chini ya hapo, na chini yake pawe na godoro jembamba la kambi. Wengi hununua mfuko mzuri wakasahau godoro, kumbe ardhi ndiyo inayonyonya joto la mwili usiku kucha.

Nguo zipangwe kwa tabaka. Ya kwanza, inayogusa ngozi, iwe ya sufu laini au kitambaa cha michezo; ya pili sweta zito; ya juu koti lisilopitisha maji wala upepo. Suruali ya jinzi na fulana za pamba zibaki kwa ajili ya mjini, kwa kuwa pamba ikilowa haikauki na humpoza mtu hadi hatari. Kofia ya sufu, glavu na soksi safi za kulalia visikosekane hata kama safari ni ya katikati ya Julai.

Mwanga nao unahitaji kuzoewa. Mwishoni mwa Juni jua huzama Jasper baada ya saa 4 usiku. Watoto hukataa kulala, na kwa Mwislamu magharibi huingia wakati ambao nyumbani angekuwa ameshalala, hivyo aangalie ratiba ya sala ya mahali hapo kabla ya kupanga matembezi ya alfajiri. Nyama ya halali inapatikana Calgary na Edmonton. Ni vyema kuinunua huko, kuigandisha na kuiweka kwenye boksi la barafu, kwani ndani ya hifadhi maduka ni machache na bei ziko juu.

Wakati mzuri kwa anayeogopa msongamano ni wiki mbili za katikati ya Septemba. Mbu wamekwisha, nafasi ni nyingi, na miti ya larch karibu na Ziwa Moraine hugeuka rangi ya dhahabu. Usiku, hata hivyo, maji ndani ya chupa yanaweza kuganda. Mwezi Juni njia nyingi za juu bado zina theluji.

Dubu, chakula na usiku

Hofu ya dubu huwafanya wengi wabaki hotelini, na ni hofu isiyo na sababu kwa anayefuata masharti. Dubu hawaji kambini kutafuta watu. Wanafuata harufu. Dubu aliyeonja chakula cha binadamu mara moja hurudi tena, na mara nyingi askari wa hifadhi hulazimika kumuua. Kwa hiyo chakula kilichoachwa mezani huhatarisha familia iliyokiacha, huhatarisha watakaofika kesho yake, na humwua mnyama.

Jioni ya kambi iwe hivi. Chakula kikishaliwa, sahani hupanguswa mabaki yake yakaingia kwenye mfuko wa taka. Vyombo huoshwa, na maji machafu humwagwa kwenye sinki la kambi lililowekwa kwa kazi hiyo, wala si kichakani. Kisha mtu mmoja huzunguka na tochi ya kichwani akikusanya kila chenye harufu: sufuria, jiko la gesi, boksi la barafu, chupa ya maziwa ya mtoto, dawa ya meno, sabuni, mafuta ya kupaka, chakula cha mbwa, hata kitambaa cha kufutia meza. Vyote huingia kwenye buti la gari na kufungwa, au kwenye kabati la chuma lililopo kambini. Taka hupelekwa kwenye pipa la chuma ambalo mpini wake umefichwa ndani ya mfuniko: mtu huingiza mkono kwa chini, hubonyeza kitasa, huvuta, na akishatupa huhakikisha mfuniko umelia kujifunga. Nguo zilizopikiwa samaki au nyama hazilaliwi. Hemani hubaki watu, matandiko, maji na tochi.

Kambi ya Lake Louise imegawanywa kwa sababu hiyohiyo. Magari yenye vitanda na kuta ngumu yana upande wao. Mahema huruhusiwa tu katika upande uliozungushiwa uzio wa umeme, na lango lake lazima lifungwe kila mtu apitapo.

Njiani, kila kundi liwe na kopo la dawa ya pilipili ya kufukuzia dubu. Haibebwi kwenye ndege, si mkobani wala kwenye mizigo, kwa hiyo hununuliwa au kukodiwa baada ya kufika. Gesi ya jiko nayo ni vivyo hivyo. Kopo linafungwa kiunoni au kwenye mkanda wa kifuani, si ndani ya mkoba. Anayelibeba ajizoeze mapema kuondoa kibanio cha usalama kwa dole gumba na kulenga chini kidogo mbele ya mnyama, akijua upepo unatoka wapi. Si dawa ya kujipaka wala ya kupuliza kwenye hema kama ya mbu. Harufu ya masalia yake yaliyokauka huweza kuwavuta dubu.

Watu watembee pamoja, wanne au zaidi ikiwezekana, wakizungumza na kuimba, hasa karibu na mito yenye kelele na kwenye vichaka vya matunda. Sauti ya binadamu husaidia kuliko kengele ndogo zinazouzwa madukani. Dubu wa aina ya grizzly hutambulika kwa nundu ya begani na kucha ndefu; dubu mweusi hana nundu, na licha ya jina lake anaweza kuwa kahawia. Akionekana kwa mbali, kundi lirudi lilikotoka au lizunguke mbali. Akiwa karibu, hakuna kukimbia: mtoto hubebwa, watu husogeleana, huzungumza kwa sauti ya upole na kurudi nyuma taratibu. Akija mbio, dawa hupulizwa akiwa amebakiza mita chache. Dubu aliyeshtushwa akimgusa mtu, mtu alale kifudifudi, mikono shingoni, asitikisike. Aliyemfuatilia mtu kwa muda au kuingia hemani usiku hupigwa kwa chochote kilichopo.

Parks Canada hutaka umbali wa mita 100 kutoka kwa dubu, mbwa mwitu, koyote na puma, na mita 30 kutoka kwa elk, moose, kulungu na kondoo wa milimani. Elk wanaokula majani mjini Jasper huonekana wapole kama ng'ombe wa zizini, lakini majike wenye ndama mwezi Mei na Juni, na madume ya Septemba, hushambulia watu. Faini ya kulisha au kusumbua mnyama inaweza kufika dola 25,000. Droni nazo haziruhusiwi.

Siku moja kwenye barabara ya Icefields

Kama kuna siku ambayo mgeni asiikose, ni ile ya kuendesha kutoka Lake Louise hadi Jasper, kilomita 232. Wengine huimaliza kwa saa tatu na kusema wameiona. Inastahili siku nzima, na kwa mwenye hema, siku mbili.

Tangi lijazwe Lake Louise, kwa sababu njia nzima ina kituo kimoja tu cha mafuta, Saskatchewan River Crossing, nacho hufungwa majira ya baridi. Mtandao wa simu haupatikani sehemu kubwa ya njia, hivyo ramani ishushwe kwenye simu kabla ya kuondoka. Mwendo usizidi kilomita 90 kwa saa, na dereva wa Kenya au Tanzania akumbuke kwamba Kanada huendesha upande wa kulia. Wanyama huvuka popote. Kwenye barabara kuu namba 1 ndani ya Banff, uzio pamoja na madaraja 6 ya juu na njia 38 za chini zilizojengwa kwa ajili ya wanyama zimepunguza ajali za magari na wanyama kwa zaidi ya asilimia 80. Barabara ya Icefields haina uzio huo.

Baada ya kupita Ziwa Bow, msafiri hufika Bow Summit, mita 2,069, ambako njia fupi ya mlimani humpeleka kwenye jukwaa la kutazamia Ziwa Peyto. Rangi yake ya samawati yenye weupe kidogo huwafanya wengi wadhani picha zimetiwa rangi. Chanzo ni mito ya barafu iliyo juu: inapojikokota husaga mwamba kuwa unga laini mno, maji huuleta ziwani, na unga huo ukielea hutawanya mwanga wa bluu na kijani. Rangi hukolea Julai na Agosti, theluji inapokuwa imeyeyuka sana.

Mbele zaidi ni Columbia Icefield. Kilele chake cha Snow Dome ni mahali pa pekee, kwani maji yake huteremka hadi bahari tatu: Pasifiki, Aktiki na, kupitia ghuba ya Hudson, Atlantiki. Ulimi wa barafu unaoonekana kutoka barabarani ni Athabasca, na njia ya kuelekea kwake imewekewa mawe yenye miaka. Kila jiwe huonyesha barafu ilipoishia mwaka huo. Kwa muda wa miaka 125 imerudi nyuma zaidi ya kilomita moja na nusu. Anayetoka Moshi, aliyeona weupe wa Kibo ukipungua tangu utoto wake, atatembea kati ya mawe hayo akiwa na mengi ya kufikiri. Hakuna kuvuka kamba kwenda juu ya barafu bila mwongozaji: nyufa zilizofunikwa na theluji zimeua watu waliodhani ni ardhi ngumu.

Karibu na Jasper, maporomoko ya Athabasca yana urefu wa mita 23 tu, lakini mto mzima hujipenyeza kwenye ufa mwembamba wa mwamba. Mawe ya ukingoni huteleza. Picha zipigwe ndani ya uzio.

Upande wa Lake Louise, Ziwa Moraine, lililokuwa kwenye noti ya dola 20 ya Kanada kwa miaka mingi, halifikiwi tena kwa gari binafsi tangu 2023. Watu hupanda mabasi ya hifadhi kutoka Lake Louise, kati ya Juni na katikati ya Oktoba. Sehemu ya tiketi hutolewa majira ya kuchipua, na nyingine hufunguliwa siku mbili kabla ya safari, saa 2 asubuhi kwa saa za Alberta. Mwenye saa ya Vancouver akumbuke kwamba Alberta iko saa moja mbele.

Moto na moshi

Mwezi Julai 2024 watu wapatao 25,000 walihamishwa kutoka hifadhi ya Jasper, na siku mbili baadaye moto ulifika mjini na kuteketeza majengo 358. Mji unajengwa upya na wageni wanakaribishwa, ila mabonde yaliyoungua bado yanaonekana wazi, na vigogo vilivyokufa huanguka wakati wa upepo. Juni 29, 2021, kijiji cha Lytton katika British Columbia kilifikia nyuzi 49.6, rekodi ya joto ya Kanada, na kesho yake kikaungua.

Kwa sababu hiyo kila msafiri wa Julai na Agosti awe na mpango wa pili: kambi nyingine upande wa pwani, tangi lisiloshuka chini ya nusu, na mazoea ya kuangalia tangazo la moto kila asubuhi kabla ya simu kupoteza mtandao. Marufuku ya moto ikitangazwa, kuni haziwashwi hata kidogo, na kwa kawaida jiko la gesi ndilo huruhusiwa. Panaporuhusiwa moto, huwashwa ndani ya pete ya chuma ya kambi, na katika hifadhi za taifa hununuliwa kibali ambacho bei yake hujumlisha kuni. Kuni zisibebwe kutoka mjini, kwani hueneza wadudu waharibifu wa misitu. Moto huzimwa kwa maji, hukorogwa, humwagiwa tena, hadi mkono uweze kugusa majivu bila kuungua.

Maji na watoto

Maziwa ya milimani ni barafu iliyoyeyuka, na hata muogeleaji hodari wa Nungwi au Lamu hukakamaa misuli dakika chache baada ya kutumbukia. Jaketi la kuokolea livaliwe na kila aliye kwenye mtumbwi, si watoto peke yao. Maji ya kijito, hata yakiwa maangavu kiasi gani, huchemshwa au huchujwa, kwani yanaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha viitwavyo giardia. Mbu wa huko hawana malaria, ila ni wengi na wanauma mno mwezi Juni na Julai. Kupe hukaguliwa mwilini kila jioni, hasa kuanzia majira ya kuchipua hadi mwanzo wa joto.

Watoto wafundishwe mambo mawili kabla ya kuondoka: kutotangulia mbele ya wakubwa njiani, na kukumbatia mti na kupuliza filimbi pale walipo wakijikuta wamepotea. Filimbi ya dola mbili shingoni mwa kila mtoto ni kifaa cha bei rahisi chenye manufaa makubwa.

Anayefikiria kwenda mwaka ujao afanye mambo matatu mwezi huu: aangalie tarehe ya kufunguliwa kwa nafasi katika tovuti ya Parks Canada, aazime hema na kulijaribu uani usiku mmoja wa baridi, na akubaliane na atakaokwenda nao nani atakuwa na kazi ya kufungia chakula kila jioni.